Basi namba 28 hadi mtaa wa Crawford

Wifi yangu anaishi Lowell, Massachusetts, mji wa Marekani wenye Wakenya wengi kiasi kwamba dukani nilisalimiwa kwa Kiswahili kabla sijafungua mdomo. Nilipomwambia nataka kwenda Roxbury, eneo la watu weusi wengi jijini Boston, alinifungia chapati mbili kwenye foili akasema, "Haya wifi, koti usiliache." Nilipanda treni mpaka North Station, nikashuka kwenye reli ya chini mpaka Ruggles, kisha nikangoja basi namba 28.

Siku hiyo basi hilo halikutoza nauli. Nilikuwa bado natafuta pochi, dereva akaniashiria nipite. Kwenye kiti cha mbele yangu mama mmoja aliinama kumfunga mwanawe kamba za viatu huku basi likiyumba. Alipomaliza cha pili, akarudi kukikagua cha kwanza. Nilimtazama mpaka nikakaribia kupitiliza kituo changu.

Nilikuwa nakwenda kwa ajili ya Muriel na Otto Snowden, mume na mke waliofanya kazi za ustawi wa jamii na kuanzisha Freedom House, kituo cha jamii cha Roxbury, mwaka 1949. Walianza na takataka mitaani, viwanja vilivyotelekezwa, na watoto wasio na pa kuchezea. Waliwakalisha pamoja majirani weusi na weupe, Wakristo na Wayahudi, wazungumzie mtaa wao. Baadaye kituo kikahamia Crawford, kwenye jengo lililokuwa chuo cha walimu wa Kiyahudi.

Crawford ni mtaa wa makazi, una miti. Nilitembea polepole nikiwaza mwaka 1974. Juni mwaka huo jaji Arthur Garrity aliamua kwamba bodi ya shule za Boston iliwatenga wanafunzi kwa rangi, tena kwa makusudi. Septemba, ili shule zichanganywe, watoto weusi wakapakiwa mabasi kupelekwa shule za South Boston, eneo la weupe, na mabasi yakapigwa mawe. Siku hizo Freedom House ndiyo waliyoikimbilia wazazi wa Roxbury, wengine kwa miguu, wengine kwa simu. Mimi ni mzazi. Swali la mzazi siku kama ile nalijua bila kuambiwa: mwanangu amefika salama? Anayedhani kupigania haki ni kazi moja na kulea familia ni nyingine, hajawahi kungoja basi la namna hiyo.

Si kila walichokiunga mkono kiliwafaa wote. Miaka ya 1960 walisimama na mpango wa kujenga upya eneo la Washington Park, hapo hapo Roxbury. Nyumba nyingi zikabomolewa, na familia maskini zikalazimika kuhama. Nawaheshimu sana, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuliruka hilo.

Muriel alipata tuzo ya MacArthur, tuzo kubwa ya Marekani kwa watu wenye kazi za kipekee, mwaka 1987, akafariki mwaka uliofuata. Otto alimfuata mwaka 1995. Shule moja ya sekondari ya Boston ina jina la Muriel. Freedom House yenyewe bado ipo Crawford, ikiwaandaa vijana kwa chuo na kazi.

Chapati nilizila nikiwa kituoni, nikisubiri basi la kurudi. Upande wa pili wa barabara basi la njano la shule lilisimama. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba yake aliinuka, akashuka mpaka ukingoni, akapokea mabegi mawili, akashika mikono miwili.