Sketi inayocheza dandiya

Jamani, soko la usiku la Law Garden hapa Ahmedabad, India, sikukuu ya Kihindu ya Navratri ikikaribia, ni hatari kwa mfuko! Chaniya choli zimetundikwa kila mahali: sketi pana, blauzi fupi na mtandio wake, nyekundu, njano, kijani, zote zimedariziwa mpaka macho yanachoka.

Mimi nilinaswa na sketi moja nyeusi. Pindoni wamedariziwa wanawake walioshika vijiti vya dandiya, ile ngoma ya kugonganisha vijiti, wamezunguka kitambaa chote, kwa hiyo ukigeuka nao wanacheza na wewe.

Mama muuzaji akanigeuzia upande wa ndani. Huko ndiko ukweli uliko: mishono ya mkono haifanani yote, ya mashine imenyooka kama rula. Na vile vioo vidogo, kumbe havina tundu hata moja! Uzi hupishanishwa kwanza juu ya kioo, kisha ukingo unashonwa kuzunguka mpaka kikamatike. Siku hizi kuna vya plastiki, vyepesi kweli, lakini kwa macho yangu havimeremeti vile.

Bei tuiache. Nilimwita "ben", yaani dada, kama wenyeji wanavyofanya, akapunguza kiduchu tu.

Sasa uzito wa sketi! Garba, ngoma ya Navratri, huchezwa usiku tisa, na tangu 2023 imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, sawa, ila hakuna aliyenitahadharisha kuhusu kiuno. Usiku wa leo naivaa tena, na mkanda juu. Picha zinakuja.