Tona iliyonikubali kiangazi cha Dodoma

Upepo wa Dodoma ukianza, uso wangu ulikuwa unawasha na kubanduka kila nikipaka tona (maji ya kupaka usoni baada ya kunawa). Suluhisho lilikuwa kwenye maandishi madogo nyuma ya chupa. Viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo nikiona "alcohol denat" (alkoholi, ambayo hukausha ngozi) mwanzoni mwa orodha, naiacha dukani. "Parfum", yaani manukato, nayo hapana, hata inukie waridi vipi.

Nikachagua yenye gliserini na panthenoli, viungo vya kushika unyevu, isiyo na manukato. Niliijaribu kwanza nyuma ya sikio siku kadhaa, haikuniwasha. Sasa naipaka kwa viganja (pamba hunikwaruza), ngozi ikiwa bado na majimaji, halafu losheni papo hapo, maana hewa kavu ya huku haisubiri. Kuwasha kumeisha. Ule mng'ao wa kwenye tangazo, sijauona.