Siku moja kwenye makoro ya Kivu

Saa kumi na nusu alfajiri. Betri mbili, kadi tupu, lenzi ya milimita 16–35, filta, tripodi. Motari, dereva wa bodaboda, ananishusha barabara inapoishia. Mbele, hadi Ziwa Kivu, ni makoro tu, mawe meusi ya volkano yanayotafuna soli za viatu.

Saa kumi na moja na robo. Watu wa Goma wenyewe hudhani kazi hii ya kupiga picha za ziwa ni kubonyeza kamera. Kwanza ni kuchagua pa kusimama. Kwenye mashimo ya pwani kuna mazuku: kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, inayotuama usiku usio na upepo. Kiberiti si kipimo, kinaweza kuendelea kuwaka huku hewa imeshaanza kudhuru. Ukikuta ndege mfu shimoni, rudi ulikotoka. Hata picha tamu ikiwa kule chini, tripodi inakaa mgongoni mwa rasi.

Saa kumi na mbili. Huku karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, digrii 15 kwa saa. Wavuvi wa sambaza, dagaa wa huku, wanarudi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja: hao kwanza, ISO 800 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), sekunde 1/250. Halafu maji: ISO 100, tundu la lenzi f/11, robo sekunde. Filta ya hatua 6, kila hatua ikikata mwanga nusu, inaifanya sekunde 16, na maji yanageuka maziwa; siyapendi. Polaraiza, filta nyingine, inaondoa mng'aro wa jiwe lililolowa, inakula mwanga hatua moja au zaidi, na nusu sekunde unaipata bure. Povu linabaki na mistari yake.

Koro jeusi hudanganya kipima mwanga: kamera inalitaka la kijivu, anga inaungua. Punguza hatua moja. Gonga jiwe kwa kisigino kabla ya kusimika tripodi. Likilia kama debe, ni ganda tupu. Nguzo ya kati usiivute juu. Kwa picha za sekunde nyingi ziba kitundu cha kuchungulia, mwanga usipenye kwa nyuma.

Saa mbili mwanga mzuri umekwisha. Nyumbani, kuhamisha picha.

Kisha mteja wa hoteli. Anataka picha ya ukutani, sentimita 90 kwa 60, "yenye mawimbi ya bahari". Namwambia: Papa, hili ni ziwa, mawimbi huja upepo ukivuma. Anakubali, natuma faili kama dokima, ili WhatsApp isiibane. Baada ya saa moja, simu: "Kaka, juu ya nini picha iko na ukungu?" Kumbe amechapisha ile ndogo ya kuonja niliyomtumia awali, ambayo WhatsApp imeibana hadi pikseli 1600: 45 tu kwa inchi. Faili yangu ya 6000 kwa 4000 inatoa 169, inatosha kwa anayetazama toka mita mbili. Naeleza. Simu ya pili, naeleza tena. Ya tatu, anaomba akina mama wanaochota maji kwa bidoni, yaani madumu, wafutwe, eti pwani iwe safi. Sifuti.

Sijui ni saa ngapi, chakula kimepoa. Upepo umeanza ziwani, yale mawimbi yake yamekuja. Narudi. Soli ya kushoto imeshatoboka.