Sanduku la mama

Leo tumetoa vitu nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga. Mpangaji anaingia mwisho wa mwezi, na tangu mama atutoke hakuna aliyegusa chumba chake.

Vitanda, masufuria, redio ya mbao isiyowaka: vimeondoka haraka tu. Cherehani kachukua mama mdogo. Nani angethubutu kubisha?

Kazi ikawa kwenye sanduku.

Kanga tupu. Doti juu ya doti, hazijakatwa wala kupindwa, bado zinanukia udi. Na mama mwenyewe alikuwa akishinda na zile mbili tatu zilizopauka! Ukimuuliza, "Hizo za wageni."

Dada akashika mkasi ili tugawane, kila mtu upande wake.
Akauweka chini.
Akaushika tena.
Hakuna aliyemhimiza.

Mwisho shangazi akaamua: zigawiwe doti nzima nzima, atakayekosa akose.

Mimi nimeangukiwa na kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi. Sina binti, na wavulana wangu wanaulizana kama ni kitambaa cha meza.

Jamani, nyie za mama zenu mlizifanya nini? Mnazivaa, au mmezifungia kabatini kama yeye?