Ndani ya Mzinga wa Kew

Treni ya District iliniteremsha kituo cha Kew Gardens, London, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Lango la Victoria. Bustani ile ya mimea ya Kew ina mengi, lakini mimi nilifuata jengo moja tu: The Hive, yaani mzinga, kazi ya msanii Wolfgang Buttress. Lilikuwa kiini cha banda la Uingereza kwenye Maonyesho ya Dunia ya Milano mwaka 2015, na mwaka uliofuata likahamishiwa Kew.

Kwa mbali utadhani ni kundi la nyuki limeganda angani juu ya maua ya porini. Ukikaribia unaona alumini: vipande kama 170,000, tabaka juu ya tabaka, hadi mita 17 kwenda juu. Nilisimama kwenye kiungio kimoja nikakichunguza. Fito nyembamba zinakutana kwenye vifundo, na popote jicho linapokwenda linakuta pembe sita, lile umbo la vyumba vya sega.

Lakini umbo ndilo jambo dogo hapa. Ndani, taa zipatazo 1,000 huwaka na kufifia bila mtu kuzigusa. Kwenye mzinga halisi wa nyuki mle bustanini kumewekwa vihisi vya kunasa mitetemo. Nyuki wakichangamka, mwanga na muziki navyo huchangamka. Wakitulia, jengo zima linatulia nao. Nalipenda pia banda la Falme za Kiarabu kule Dubai, alilolisanifu Santiago Calatrava kwa mfano wa mbawa za kozi. Mbawa zile hufunguka kweli, ila ni mitambo inayoamrishwa na binadamu. Hapa Kew wenye amri ni nyuki wenyewe, na kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya kuiga maumbile na kuyasikiliza.

Kilichonishika zaidi kiko chini ya sakafu ya kioo. Unachomeka kijiti cha mbao kwenye tundu la nguzo, unakiuma, unaziba masikio. Mtetemo unapanda kwenye meno, unaenea fuvu zima, na hapo unawasikia nyuki kwa mifupa. Wao wenyewe huyapata mengi ya mazungumzo yao hivyo hivyo, kwa miguu iliyokanyaga sega linalotetemeka gizani. Nilipoachia kijiti nikazunguka, nikapanga foleni upya nyuma ya watoto.