Kadi nne tu, grupu zima limechafuka

Jana nimewatupia washkaji ile chemsha bongo ya mwanasaikolojia Peter Wason ya 1966, kadi nne, E, K, 4 na 7, kila moja ina herufi upande huu na namba upande wa pili, kanuni inasema penye irabu nyuma yake kuna namba shufwa, sasa ugeuze zipi kuhakiki? Karibu wote wakasema E na 4. Jibu ni E na 7, maana nyuma ya 7 ikikutwa irabu kanuni imevunjika, ila nyuma ya 4 hata iwe herufi gani haivunjiki, ubishi uliozuka hapo acha tu 😂

Mwanasaikolojia mwingine, Johnson-Laird, alieleza kwamba kichwani tunajichorea picha ya kanuni ikiwa kweli, ya ikivunjika hatuchori. Ndo maana 7 haikuguswa. Ila nikabadilisha kanuni iwe ya umri na pombe, kwamba anayekunywa bia lazima awe mtu mzima, walewale wakapatia fasta, mtoto mwenye bia wakamkamata hapohapo