Karatasi zetu za uzeeni, kutoka Rotterdam hadi Torremolinos

Mwaka 1991 nilikaa saa tisa kwenye benchi la hospitali moja nchini Uholanzi, naulizwa swali lile lile: wewe ni nani wake? Mwenzangu alikuwa ndani, kidole tumbo kimempasukia. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja na kula sahani moja kwa miaka minne. Nikajibu, "Ni rafiki yake." Muuguzi akasema habari za mgonjwa hupewa jamaa zake, akampigia simu dada yake aliyekuwa anaishi Groningen. Dada akaja na treni, akaingia wodini, akatoka, na yeye ndiye aliyeniambia kwamba mtu wangu yu hai. Nilimshukuru. Lakini tangu siku ile nikawa mtu wa karatasi, na yote nitakayoeleza hapa yanaanzia kwenye lile benchi.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, Majengo, Machi 1955. Niliingia Rotterdam Julai 1983 nikiwa mpishi wa meli, nikashuka na begi moja, sikupanda tena. Tulikutana 1986. Yeye ni Mholanzi, amenizidi miaka sita, na kabla yangu alikuwa ameoa mwanamke akazaa naye watoto wawili. Watu wa rika letu wengi wana historia kama hiyo, maana ujana wetu haukuwa na njia nyingine. Nawataja hao watoto mapema kwa sababu kwenye mambo ya uzeeni huwezi kuwaruka.

Kwetu Majengo neno shoga nililisikia kwanza kinywani mwa mamangu, akimwita jirani dirishani: "Shoga, una chumvi?" Baadaye nikalisikia likirushwa kama jiwe, na jiwe lenyewe likinilenga mimi. Hata hivyo ni neno la nyumbani, nami nalitumia. Mimi ni shoga mzee, nina miaka sabini, na nimestaafu ugenini pamoja na mume wangu.

Ndoa tulifunga 2003, Rotterdam. Uholanzi ilikuwa imefungua ndoa kwa wote tarehe 1 Aprili 2001, na saa sita ya usiku ule meya wa Amsterdam aliwaozesha jozi nne za kwanza, sisi tukitazama kwenye televisheni. Mwenzangu ndiye aliyesita. Aliona ndoa imeshamshinda mara moja, ya nini tena? Nikamkumbusha lile benchi. Hakuwa amelijua, maana yeye alikuwa usingizini. Nilipomsimulia yote alinyamaza jioni nzima, na asubuhi akaniuliza kama nina suti.

Watu huniuliza kwa nini hatukurudi kuzeekea Mombasa. Nilitaka, tena sana. Tulikuwa na nyumba yetu ya kichwani: vyumba viwili, baraza ya kukalia jioni, mwarobaini uani. Tulikuwa tunangoja hukumu ya Mahakama Kuu ya Nairobi kuhusu vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vile vinavyoweza kumfunga mtu hadi miaka 14 kwa mapenzi ya jinsia moja. Tarehe 24 Mei 2019 mahakama ikaviacha vilivyo. Nililia jikoni, maji ya wali yakichemka. Wengine walinituliza kwamba wapo wazee wanaoishi kimyakimya huko pwani na hakuna anayewagusa. Ni kweli wapo. Ila kijana anaweza kujificha. Mzee huoshwa na watu wengine. Huja yaya, huja daktari, huja mjukuu wa jirani kukubebea gesi, na kila mmoja anaiona picha iliyo kando ya kitanda. Sikutaka kumzeesha mtu niliyempenda akiitwa mgeni wangu.

Mamangu alifariki 2011. Akazikwa kabla ya alasiri, kama ilivyo ada yetu, nami nikafika siku ya tatu, peke yangu. Mwenzangu alibaki Rotterdam, naye ndiye aliyekuwa akimpigia mama simu kila Idi kumwambia maneno yote ya Kiswahili anayoyajua: "Shikamoo mama, habari za nyumbani." Mama hakuwahi kuniuliza huyu ni nani. Alikuwa akisema, "Na huyo unayekaa naye hajambo? Msalimie. Mwambie ale." Nimeishi na hiyo "mwambie ale" miaka yote hii, na kwangu ilikuwa radhi.

Basi, hata kabla ya hukumu ile tulikuwa tumeanza kutafuta pengine. Marafiki wawili walikuwa wameenda Thailand, na mmoja wao alijenga nyumba nzuri na kijana aliyempenda. Kiwanja kiliandikwa jina la kijana, kwa sababu mgeni haruhusiwi kumiliki ardhi kule. Walipoachana alirudi Ulaya na sanduku la nguo, akiwa na miaka 71. Tangu 23 Januari 2025 Thailand inawaozesha watu wa jinsia moja, jambo lililonifurahisha kwa ajili ya vijana wao, lakini sheria ya ardhi iko pale pale. Simlaumu yule kijana, wala simcheki rafiki yangu. Nasema tu kwamba mzee akiwa na mpenzi maskini kuliko yeye, wote wawili wanahitaji maandishi, na huyo maskini pengine anayahitaji zaidi.

Hispania ilitushika kwa sababu tatu: jua, sheria ya ndoa iliyoanza kutumika Julai 2005, na kwamba raia wa Umoja wa Ulaya hahitaji viza. Sitges ni pazuri lakini bei zake zilitushinda. Maspalomas, kule Gran Canaria, tulikwenda mara mbili. Mwenzangu aliona kisiwa ni kidogo na safari ya ndege ni ndefu mno kwa wajukuu. Tukaishia Torremolinos, kwenye pwani ya Málaga. Treni ya kutoka uwanja wa ndege inafika mjini kwa dakika chache, na wazee kama sisi wamejaa kwenye mabaa ya La Nogalera, wakinywa kahawa saa tano asubuhi na kuulizana habari za magoti.

Nashauri mtu asinunue alichokipenda Julai. Sisi tulipanga fleti Januari hadi Machi 2018 tukaona ukweli wa mahali. Sakafu za vigae ni baridi kama barafu, nyumba nyingi hazina mtambo wa kupasha joto vyumba, na mji umejengwa kwenye jabali: sokoni uko juu, baharini uko chini, katikati ngazi. Vijana hushuka ngazi za Cuesta del Tajo wakiimba. Mimi nilihesabu mapumziko yetu ya kupanda, yakafika matano. Tulipokuja kununua, 2019, tukachagua La Carihuela, kule chini tambarare, jengo lenye lifti inayoingia kiti cha magurudumu. Mwenzangu alinicheka nilipoupima mlango wa lifti kwa futi kamba. Wakati ule alikuwa anatembea kilomita nane kwa siku.

Na pale La Carihuela kuna jambo lililonituliza moyo kuliko hati yoyote. Ufukweni huchoma dagaa wakubwa kwa vijiti, wamepangwa sitasita, wakiegemea moto wa kuni uliowashwa ndani ya mtumbwi wa zamani uliojazwa mchanga. Mara ya kwanza nilisimama upepo unapoelekea nikafumba macho. Harufu ni ile ile ya kwetu, samaki, chumvi na moshi. Mchomaji akanipa mmoja bure, akidhani nina njaa.

Sasa pensheni, maana hapa ndipo wengi huumia. Uholanzi kila mwaka unaoishi nchini hukujengea asilimia 2 ya pensheni ya serikali, na inachukua miaka 50 kufika 100. Mimi niliingia na miaka 28. Umri wangu wa kustaafu, miaka 66 na miezi 4, ulitimia Julai 2021, nikiwa nimekusanya miaka 38, yaani asilimia 76. Wahamiaji wenzangu hulijua pengo hili siku barua inapofika. Omba hesabu yako mapema. Tena wapo wanaogopa kufunga ndoa kwa kuwa kiwango cha wanandoa kwa kila mmoja ni kidogo kuliko cha anayeishi peke yake. Hofu hiyo haina faida, kwa sababu mkikaa pamoja bila ndoa mnahesabiwa vivyo hivyo, na mnakosa kinga ya ndoa juu yake.

Tulihama Septemba 2021. Kuna namba ya mgeni, kuna kujiandikisha manispaa kuwa mkazi, kuna cheti cha kijani cha raia wa Ulaya, kuna fomu iitwayo S1 inayofanya Uholanzi igharamie matibabu yetu Hispania. Kila moja ina miadi yake na foleni yake. Kilichotuokoa ni nakala ya kimataifa ya cheti cha ndoa, tuliyoiomba manispaa ya Rotterdam kabla ya kuondoka. Imeandikwa kwa lugha kadhaa, Kihispania kikiwemo, haikuhitaji mtafsiri wa kiapo. Nilichukua tano. Zimebaki mbili.

Wosia ndio niliokuwa karibu kuukosea. Tulijua mzee mmoja wa hapa, alikaa na mwenzake miaka thelathini na moja bila ndoa, bila wosia. Mwenzake alipofariki wakaja wapwa zake, watu ambao hawakuwahi kutia mguu kwenye fleti ile, na sheria ikawapa wao. Alipewa muda wa kufungasha. Mimi nikajiona salama, nimeoa. Kumbe kama ungekufa ukiishi Hispania bila kusema lolote, urithi wako hufuata sheria ya Hispania, na huku watoto wametengewa theluthi mbili. Mjane hupata haki ya kutumia sehemu tu. Watoto wa mwenzangu ni wawili, na binti yake mkubwa alikuwa hajazungumza nami tangu harusi. Nilijiona nimerudi kwenye benchi.

Dawa yake ni kanuni ya Ulaya, namba 650 ya 2012, inayotumika tangu 17 Agosti 2015: unaweza kuandika kwenye wosia kwamba unachagua sheria ya uraia wako. Kwa sheria ya Kiholanzi mwenzi anayebaki hushika mali yote, na watoto hudai fungu lao baada ya yeye naye kufa. Mstari mmoja tu, kwa notari, yaani mthibitishaji wa hati, na fleti haiguswi hadi wote wawili tuondoke. Mimi nina pasi mbili, ya Kenya na ya Uholanzi, hivyo notari aliniuliza nachagua ipi. Nilichagua ile inayomtambua mume wangu. Pia tulisajili kwa serikali ya Andalusia matakwa yetu ya matibabu, kila mmoja akimtaja mwenzake kuwa msemaji wake. Binti tukampigia simu, tukamsomea wosia wote. Hakupenda, lakini alisema afadhali kusikia sasa kuliko makaburini. Mwaka uliofuata alikuja wiki moja na wanawe.

Februari 2023, alfajiri, nilisikia kikombe kikivunjika. Alikuwa ameegemea sinki, mdomo umepinda, ananitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilipiga 112 kwa Kihispania changu kibovu. Hospitalini muuguzi kijana akashika kalamu, akaniuliza, "Na wewe ni nani?" Mwili wote ulinifa ganzi. Nikasema, "Soy su marido", ni mume wake, na mkono tayari umeshaingia kwenye bahasha kutafuta cheti. Hakukitaka. Aliandika neno moja, akauliza mzio wa dawa, saa ngapi kimeanza, kisha akanishika kiwiko akanipeleka ndani. Dakika moja haikupita. Nilikaa kando ya kitanda nikalia, na yule muuguzi bila shaka alidhani nalilia kiharusi peke yake.

Mji huu nao ulilipa. Tarehe 24 Juni 1971 polisi wa dikteta Franco walivamia mabaa ya mashoga kwenye uchochoro wa Pasaje Begoña, dakika kumi kutoka sokoni kwetu, wakakamata watu zaidi ya mia moja. Wazee wa La Nogalera wapo waliokuwa vijana wakati ule. Kila nikipita pale hupunguza mwendo.

Tangu kiharusi mapenzi yetu yamebadilika umbo. Namwogesha, namkata kucha, namlisha mkono wa kulia ukigoma. Ana maneno machache sasa, Kiholanzi kimempotea nusu, lakini ile "shikamoo" imebaki, na hunisalimia nayo kila asubuhi ingawa yeye ndiye mkubwa. Nami huitikia marahaba. Lifti inaingia kiti cha magurudumu na nafasi ya vidole viwili inabaki.

Kila mwaka ofisi ya pensheni hututumia fomu ya kuthibitisha kwamba tungali hai. Alhamisi iliyopita tulizipeleka zote mbili, yake na yangu, kwa karani wa hapa. Mwenzangu amekuwa akijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto tangu kiangazi. Alichukua kalamu, akaukatalia mkono wangu uliotaka kumsaidia, akaandika jina lake lote, herufi zikilala upande kama mashua zilizovutwa pwani. Karani alingoja hadi amalize, akagonga muhuri, akasema ya pili nani. Nikasogeza kiti.